Raga kama ajira: mambo ya kujua kabla ya kuvuka Horohoro

Kijana wa Tanga akishasikia kwamba kuna watu wanalipwa mshahara kwa kucheza raga, cha kwanza anachokutajia ni mbio zake. Alikimbia UMISSETA, aliwaacha wenzake mbali, mwalimu wa michezo anamjua. Si vibaya. Ila mbio peke yake hazimpi mtu mkataba. Klabu inayolipa inatafuta mtu atakayegongana na watu wakubwa kuliko yeye, aanguke, ainuke, arudi kwenye mstari wa ulinzi kabla mpira haujatoka, na Jumamosi inayofuata awepo tena. Hicho ndicho kinachonunuliwa. Mbio ni nyongeza, tena nyongeza nzuri, lakini wenye mbio ni wengi.

Raga ya kulipwa bado changa. Mpaka Agosti 1995 mchezaji wa raga ya union, yaani hii ya watu 15, hakuruhusiwa kulipwa. Mikataba ya wazi ilianza hapo. Leo pesa nyingi ziko Ufaransa kwenye Top 14, kisha Japani, England, na ligi moja inayounganisha Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini. Ukomo wa mishahara kwa klabu ya Top 14 ni takribani yuro milioni 10.7 kwa msimu. England waliurudisha kwenye pauni milioni 6.4 msimu wa 2024/25, baada ya kuupunguza kwa miaka kadhaa. Gawanya kwa wachezaji 40, kumbuka kwamba nyota wachache wanachota fungu nono, na utaona wengine wanabaki na nini. Ni maisha mazuri, lakini si pesa za soka. Na klabu hufa: Worcester na Wasps zilianguka mwaka 2022, London Irish mwaka 2023, zote za ligi kuu ya England. Wachezaji wa Worcester na Wasps wenye mikataba iliyosainiwa walijikuta mtaani katikati ya msimu.

Mwili ndio unaochagua namba

Timu ina watu 15. Namba 1 hadi 8 ni wa mbele, wanaosukuma skramu (wanane wa kila upande wameshikana, wanasukumana kugombea mpira) na kugombea mpira wa laini-auti (unaorushwa kutoka nje ya uwanja). Namba 9 hadi 15 ni wa nyuma. Tofauti na soka, huku namba haichaguliwi kwa mapenzi. Namba 4 na 5 wanatafutwa wenye urefu unaokaribia mita 2, kwa sababu wao ndio hurushwa juu kwenye laini-auti. Namba 9 anaweza kuwa mfupi. Pembeni, kwa namba 11 na 14, mtu mdogo anapita ikiwa ana kitu cha ziada: Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini ana mita 1.71 na ni bingwa wa dunia wa 2019 na 2023. Lakini kwa kila Kolbe mmoja kuna mamia ya vijana wepesi waliorudishwa nyumbani.

Sasa ngoja tukae kidogo kwenye namba 3, maana hapo ndipo soko lilipo na hakuna anayelitazama kutoka huku kwetu. Katika skramu, namba 1 ana bega moja lililo huru kwa nje. Namba 3 hana. Kichwa chake kinaingia katikati ya watu wawili wa upande wa pili, huka (namba 2) na propu (namba 1), na wote wawili wanamlemea. Akipinda mgongo au akainua nyonga, skramu nzima inaporomoka na mwamuzi anatoa penalti, na penalti ina thamani ya pointi 3 ikipigwa golini. Kazi hiyo haifundishiki kwa mwaka mmoja. Mapropu wengi, yaani namba 1 na 3, hukomaa wakiwa na miaka 26 na kuendelea, wakati pembeni kijana wa miaka 21 anaweza kuwa tayari wa kimataifa.

Juu ya hapo kuna kanuni. Kikosi cha mechi cha watu 23 lazima kiwe na watu 6 waliofundishwa kucheza mstari wa mbele, wawili kwa kila namba. Timu ikiishiwa, skramu zinakuwa za kupangana tu bila kusukumana, na mara nyingi timu iliyosababisha hali hiyo hubaki na mtu mmoja pungufu. Kwa hiyo klabu yoyote yenye mashindano mawili kwa msimu inahitaji namba 3 wasiopungua watatu au wanne, na wazima hawajawahi kutosha. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe, alianza akiwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu. Kocha wake Durban akamhamishia mstari wa mbele, namba 1. Alimaliza na mechi 117 za timu ya taifa ya Afrika Kusini na Kombe la Dunia la 2019. Angebaki alipokuwa, huenda tusingelijua jina lake.

Ndiyo maana naona Tanga inatazama pasipofaa. Vijana wanaovuta juya alfajiri, wanaopakia magunia ya saruji, wenye shingo nene na mapaja mazito, hao hawajioni kuwa wanamichezo kwa sababu kwenye soka hawapati namba. Mmoja wao mwenye kilo 105 akiwa na miaka 19, anayeweza kuchuchumaa hadi chini bila visigino kunyanyuka, ana nafasi kubwa kuliko winga wa kilo 70. Propu wa kulipwa ana kilo 110 hadi 130, lakini kilo hizo lazima ziweze kukimbia kilomita 4 au 5 ndani ya dakika 80.

Shingo inaanza kuandaliwa kabla ya skramu yoyote. Mwenzako anakushika kichwa kwa taulo, wewe unasukuma bila kichwa kusogea: mbele, nyuma, kulia, kushoto, sekunde 10 kila upande, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Wiki nane za hayo ndipo uingie kwenye skramu ya mtu mmoja kwa mmoja, kisha watatu kwa watatu. Anayeruka hatua hizi anacheza na uti wa mgongo wake.

Kukaba

Kama kuna jambo moja la kujifunza vizuri ni hili: kumwangusha aliyebeba mpira. Kukaba vibaya kunavunja mtulinga, kunazimisha watu, na siku hizi kunaleta kadi nyekundu.

Anza na miguu. Mkabaji anakimbia kupunguza nafasi, kisha hatua mbili tatu za mwisho zinakuwa fupi na za haraka, ili aweze kugeuka mbebaji akikata. Anayefika kwa hatua ndefu anapitwa, au ananyoosha mkono mmoja, na mkono huo ndio unaong'oka begani. Mguu wa mbele uingie karibu kabisa na mbebaji, upande uleule wa bega linalogonga. Magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, macho yanatazama kaptula. Kosa la kawaida la mgeni ni kufumba macho na kuinamisha kichwa sekunde ya mwisho. Hapo utosi unakutana na goti au nyonga.

Kichwa kinakaa pembeni. Ukimkaba mtu anayepita kando yako, shavu lako liwe nyuma ya tako lake, kamwe lisiwe mbele ya mapaja, kwa sababu atakuangukia juu ya shingo. Bega linagonga kati ya kiuno na paja. Mikono inazunguka na kubana, kisha miguu yako inaendelea kusukuma hatua tatu nne hadi aende chini. Wengi husimama mara bega linapogusa, wakidhani kazi imekwisha. Mbebaji wa kilo 100 anawaburuza mita tatu, na mita tatu karibu na mstari wa trai, ambako mpira ukigusishwa chini ni trai, ni pointi 5.

Ukishamwangusha, mwachie, inuka. Hapo ndipo makocha wa kulipwa wanapotazama saa. Mkabaji anayebaki chini sekunde tano ameiachia timu yake pengo.

Sheria inakataza kukaba juu ya mstari wa mabega. Bega likigusa kichwa kwa nguvu ni kadi nyekundu, na adhabu ya kiwango cha kati huanzia wiki 6 kabla ya kupunguziwa. Kwa mchezaji mwenye mkataba unaolipa posho kwa kila mechi, hizo ni wiki za pesa.

Mazoezi yanaanza kwa magoti, kisha kwa kutembea, kisha mbio za taratibu. Mchanga wa Sahare maji yakipwa unafaa kwa hatua ya magoti, kwani kuanguka hakuumizi. Pitieni kwanza mkiokota chupa na mawe. Msikae hapo muda mrefu. Mchanga unaficha miguu mibaya, kila mtu anazama sawa, na mkihamia kwenye uwanja mgumu wa shule kipindi cha kiangazi makosa yote yanatokea pamoja. Masika, ardhi ikiwa laini, ndiyo wakati wa kukaba kwa nguvu kwenye nyasi. Kinga ya meno ni lazima hata mazoezini. Ile ya kuchemsha inalowekwa kwenye maji ya moto kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, inapoozwa kidogo, kisha unauma na kunyonya hewa ishike meno. Ikichezacheza mdomoni, rudia; isipokaa baada ya mara mbili, nunua nyingine.

Njia

Klabu za raga za Tanzania ziko zaidi Arusha na Dar es Salaam. Lakini ukiwa Tanga, mashindano ya maana yaliyo karibu zaidi yako Mombasa, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, ambako ni karibu kuliko Dar. Pale Mombasa Sports Club huchezwa Driftwood Sevens, moja ya vituo vya mzunguko wa kitaifa wa Kenya wa wachezaji saba kila upande. Raga ya saba ni dakika 7 kila kipindi, na ndiyo mlango ambao Waafrika Mashariki wengi wameonekana nao. Kenya ilichukua ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7, na mwaka huohuo Collins Injera alikuwa kinara wa trai wa muda wote katika mashindano ya dunia ya saba.

Huu nao ni mlango mwembamba. Raga ya saba inatengeneza wakimbiaji wenye pumzi, haitengenezi namba 3 wala namba 5. Anayetaka kazi ya muda mrefu aingie ligi ya 15, Kenya Cup, yenye klabu kama KCB ya Nairobi na Kabras ya Kakamega iliyo chini ya kiwanda cha sukari. Huko ndiko mtu anapata mechi nzima za dakika 80 mbele ya watu wanaojua wanachotazama. Hatua inayofuata huwa Afrika Kusini. Daniel Adongo wa Nairobi alipitia huko, akaenda kucheza New Zealand, na mwaka 2013 akachukuliwa na Indianapolis Colts ya soka ya Marekani bila kuwahi kucheza mchezo huo. Waliona mwili na mgongano.

Umri ni mkali. Klabu za Ufaransa zinabanwa kuwa na idadi fulani ya wachezaji waliolelewa nchini humo, na njia kuu ya kuhesabiwa hivyo ni kukaa misimu 3 katika kituo kilichotambuliwa kabla ya kutimiza miaka 21. Ndiyo maana wanachukua vijana wa Fiji wakiwa wadogo. Kijana wa Tanga anayefika huko na miaka 24 anahesabiwa mgeni, na nafasi za wageni zinagombewa na wachezaji wa timu za taifa za dunia nzima. Uingereza nayo, viza ya mwanamichezo inahitaji idhini ya chama cha raga, na idhini hiyo inatazama ulicheza wapi na kwa kiwango gani. Barua ya mwalimu haisaidii.

Wanaotafuta wachezaji wanataka kuona mechi nzima mbili au tatu, hazijakatwa. Vipande vya trai zilizopambwa kwa muziki havimwambii kocha unafanya nini mpira ukiwa mbali. Simu inatosha: iwekwe juu, katikati ya uwanja, ifuate mchezo kwa upana. Andika namba yako, urefu, uzito wa leo na tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Umri wa kupunguza unaweza kukufungia njia hata kama una kipaji, kwa sababu pasipoti, vyeti vya shule na usajili wa chama vyote vitalinganishwa.

Uhamisho wa kimataifa unahitaji kibali kutoka chama cha nchi ulikosajiliwa mara ya mwisho. Aliyecheza Kenya anaombewa Kenya. Ukiondoka na deni la jezi au ugomvi na klabu, kibali kinachelewa na dirisha la usajili linafungwa.

Kuhusu mawakala: kamisheni mara nyingi haizidi asilimia 10 ya mkataba, na inalipwa mkataba ukishapatikana. Ufaransa na England wakala lazima awe amesajiliwa, na jina lake linaweza kuulizwa kwa chama. Anayekuomba laki tano ya "kufungua faili" kabla ya klabu kukuandikia barua anauza faili, hana klabu.

Mkataba wenyewe usomwe na mtu anayeijua lugha yake. Mshahara ulioandikwa ni kabla ya kodi au baada? Nyumba na tiketi za ndege ni za nani? Ukiumia, unalipwa miezi mingapi, na daktari anachaguliwa na nani? Goti lililokatika kano ya msalaba ya mbele (ACL) hurudi uwanjani baada ya miezi 9 hadi 12. Mkataba wa mwaka mmoja unaolipa majeraha kwa miezi mitatu tu unakuacha na goti bovu na bila hela ya kurudi. Kifungu hiki ndicho cha kukigombea kwanza, kabla ya mshahara.

Wiki ya kazi

Mechi ikiwa Jumamosi, Jumapili ni ya kupoza mwili, Jumatatu ni video na vyuma, Jumanne ni siku nzito, Jumatano mapumziko, Alhamisi mbinu kwa kasi, Ijumaa ni matembezi ya timu ya nusu saa. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba kugongana kwa nguvu zote mazoezini kunashauriwa kusizidi dakika 15 kwa wiki, tena Jumatatu na Ijumaa kusiwepo kabisa. Huo ni mwongozo wa World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani, wa mwaka 2021. Timu zetu za mitaani zinazogongana kila jioni zinapoteza watu bila faida.

Chakula hakihitaji makopo. Mchezaji wa kilo 90 anahitaji protini gramu 145 hadi 180 kwa siku, na Tanga hiyo inapatikana: mayai, maziwa, kibua, dagaa, kunde. Kinachoshinda wengi ni kugawa. Wanakula mlo mmoja mkubwa usiku badala ya minne. Kwa joto letu, jipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopotea irudishwe na maji lita moja na nusu, yenye chumvi kidogo. Makopo ya unga yana hatari nyingine: yakichanganyika na kitu kilichokatazwa, kosa ni lako hata kama hukujua. Tramadol, ambayo kwetu watu wanaipata kirahisi, imepigwa marufuku siku za mashindano tangu Januari 2024. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine nazo ni za kuangalia. Aliye kwenye orodha ya kupimwa hutoa kila siku saa moja ambayo atakutwa mahali alipopataja. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, anafungiwa.

Kichwa kina utaratibu wake. Anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi za juu anatolewa na kupimwa kwa dakika 12. Kwenye raga ya kawaida, yaani yetu, hakuna kipimo cha pembeni: anatoka na harudi siku hiyo, na mechi inayofuata haichezwi kabla ya siku 21. Dalili si kuzimia tu. Kuyumba, kuuliza matokeo mara mbili, kutapika, kuudhiwa na mwanga, zote zinahesabika. Steve Thompson, huka wa England iliyotwaa Kombe la Dunia 2003, alisema hadharani mwaka 2020 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na haikumbuki fainali hiyo. Nahodha anayemrudisha mwenzake uwanjani kwa sababu "anaweza" hamsaidii.

Wengi huacha kabla ya miaka 35, na wengi zaidi huachishwa na goti au bega mapema kuliko hapo. Wanaofanya vizuri baadaye ni wale waliokuwa na jambo jingine wakiwa bado wanacheza: Dennis Ombachi, aliyeichezea Kenya raga ya saba, leo wengi wanamjua kwa mapishi. Jumatano ya mapumziko inatosha kusomea kitu, cheti cha ukocha au cha umeme, yoyote.

Na kalenda isikupite. Mikataba mingi ya Ulaya inaisha Juni 30, lakini vikosi vya msimu unaofuata huanza kupangwa mapema sana, kabla hata mwaka haujageuka. Ukifika Desemba na klabu haijagusia msimu ujao, usisubiri kikao cha Machi: kusanya video za mechi zako nzima za vuli, mpe wakala, na yeye aanze kupiga simu.